Madamu wa Nje

Kila adhuhuri mwanangu aliporudi, kabla hata ya kumwitikia salamu, nilimketisha mkekani, nikamgeuza miguu na kuzichunguza nyayo zake. Tope jekundu maana yake walipita njia ya machimbo ya matofali. Tope jeusi maana yake walishuka mpaka bondeni, kwenye mafunjo. Vumbi tupu maana yake siku hiyo walikaa darasani kama watoto wa watu. Katika mwaka mmoja na nusu wa shule ile vumbi tupu nililiona mara chache sana, na zote zilikuwa siku za kiangazi, wakati hata bondeni kulikuwa na vumbi.

"Mlikwenda wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Kwa Madamu."

Zuhura alikuwa na miaka minne wakati huo, na jibu lake halikubadilika. Watoto walimwita mwalimu wao Madamu. Sisi wazazi tukamwita Madamu wa Nje, kwanza kwa kumcheka, kisha kwa mazoea. Sijui kama kuna mtu mtaani kwetu, pale Gitega, aliyewahi kumwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, na watu walikuwa wamekwisha kujifunza kuulizana mambo kwa sauti ya chini. Mtaa wetu wa Waswahili ulikuwa wa mafundi na wachuuzi. Mume wangu alibeba vitambaa kwa baiskeli, leo soko la Mutaho, wiki ijayo Bukirasazi, na mimi nilishona nyumbani. Watoto wetu walikwenda chuo cha Kurani kusoma alifu na bee, lakini walipofika darasa la kwanza walikuta Kifaransa kinawasubiri mlangoni, na wengi kiliwarudisha nyumbani. Ndiyo maana wazazi wakaunda komite, muuza nyama akawa mwenyekiti, akatoa chumba nyuma ya ua wake, tukatafuta mtu wa kuwatayarisha watoto wadogo.

Mtu tuliyempata alikuwa Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini, upande wa pili wa ziwa, mmoja wa waliovuka kukimbia vita vya kwao. Alikuwa Mkristo. Alikuwa na cheti cha ualimu chenye muhuri, na Kifaransa kilimtoka mdomoni kama maji. Wengine walinong'ona: Mkristo, pamoja na watoto wetu? Mwenyekiti akasema Kifaransa hakina dini. Mimi nilikuwa mwanamke pekee katika komite, kwa sababu nilikuwa nimesoma miaka minne kwa masista na kila karatasi iliyotoka komini, ofisi ya serikali, ililetwa kwangu kusomwa. Cheti kile nilikipitia mwenyewe. Kilikuwa sawa. Sikuridhika tu na jinsi alivyokipokea nilipomrudishia: alikikunja haraka, akakitia kifuani, kama mtu anayeficha kidonda.

Wiki ya kwanza alikaa na watoto chumbani. Wiki ya pili akawatoa nje, na hakuwarudisha ndani tena ila mvua ilipokuwa ya kuvunja paa.

Alivaa raba nyeupe. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho yeyote aliyemfahamu atakuambia. Mwanamke aliyeshinda kwenye tope na watoto ishirini na kitu alivaa raba nyeupe za turubai, na kila jioni alizifua na kuzipaka chaki. Tope alilichukia. Alitembea akirukaruka kutoka jiwe hadi jiwe, gauni kalishika kwa mkono, huku watoto wamezama hadi magotini. Aliogopa chura kuliko nyoka. Zuhura alinihadithia kwamba siku moja mtoto alimletea chura kiganjani, Madamu akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mti, kisha kutoka kule nyuma akauliza, "Miguu yake ya nyuma iko na vidole ngapi? Mi siwezi angalia. Nyinyi muhesabu, muniambie."

Watoto wakahesabu.

Kula nyumbani kwa mtu hakukubali, wala kunywa. Alipita na kikombe chake cha bati mfukoni, na ukimkaribisha chai alikuambia asante, amekwisha kunywa. Mahali petu mtu anayekataa kikombe chako amekuambia kitu kikubwa bila kufungua mdomo. Mama jirani yangu aliapa kwamba mwanamke yule anatuogopa kwa sumu, na anayeogopa sumu, alisema, anaijua. Lakini mwezi wa Ramadhani Madamu huyo huyo hakuonekana akitia kitu mdomoni mbele ya watoto, hata maji, na watoto wenyewe hawakuwa wamefunga.

Alikuwa na misemo yake, na mtaa mzima uliisikia kwa midomo ya watoto. "Tope inatoka na maji, woga haitoki na kitu." Mama mmoja alipomlalamikia kwamba mwanawe amepanda jabali lililo juu ya kijito, alimwambia, "Mi sikumupandisha. Pale alifika na mguu yake, na atashuka na mguu yake." Hakumnyanyua mtoto kumweka juu ya kitu chochote, na hakumshusha mtoto aliyepanda mwenyewe. Alisimama chini, mikono tayari, akiongea naye polepole mpaka ashuke. Nilipoambiwa hivyo niliona ni uvivu.

Ila neno lililoniudhi kuliko yote lilikuwa hili: "Mi sijue. Twende tuone." Mtoto akiuliza kwa nini konokono hana miguu, Madamu hajui, twende tuone. Akiuliza maji ya kijito yanakwenda wapi, hajui, twende tuone, na siku hiyo walirudi saa nane, wametembea kufuata maji mpaka yalipoingia katika maji mengine. Zuhura akaleta neno hilo nyumbani. Nikimwuliza baba yake yuko wapi, alijibu, "Mi sijue, twende tuone," na huku anatafuta viatu. Nilijiuliza: mwalimu gani huyu, mwenye cheti na muhuri, ambaye kila siku ya Mungu hajui?

Basi nikaanza kumchunguza. Nasema wazi, maana sina sababu ya kujipamba. Nilikuwa na shaka tatu. Ya kwanza, kwamba anawatumia watoto wetu kumwokotea kuni, kwa sababu mara nyingi walirudi na vijiti. Ya pili, kwamba huko msituni anawafundisha nyimbo za kanisani. Ya tatu sikuthubutu kuisema hata kwa mume wangu: siku hizo mtu aliyetembea tembea vijijini, akasimama kuongea na wachoma makaa na wapita njia asiowajua, aliweza kuwa macho ya mtu mwingine.

Asubuhi moja nilimwachia jirani cherehani yangu nikawafuata. Nilijificha kwenye matete juu ya bonde. Niliwaona watoto wote wamelala kifudifudi duarani, vichwa ndani, miguu nje, kama mishale ya saa. Katikati yao palikuwa na tundu ardhini. Madamu alikaa juu ya jiwe na raba zake nyeupe, kidole mdomoni. Hawakusema kitu. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna kilichotoka tunduni. Mwishowe Madamu akauliza kwa sauti ya kunong'ona iliyofika mpaka kwangu, "Nani iko ndani?" Mmoja akasema panya. Mwingine akasema nyoka mzee. Wa tatu akasema hakuna mtu, amehama. Zuhura wangu akasema, "Anatusikia. Anangoja sisi tuende." Madamu akatikisa kichwa kama kwamba amepewa habari nzito, akasimama, na wote wakaondoka kwa ncha za vidole.

Nilirudi nyumbani na shaka zaidi ya niliyokwenda nayo. Sikuona kuni, sikusikia wimbo, sikuona mgeni. Niliona watoto wetu wakilipiwa ada kwa ajili ya kulitazama tundu.

Kifaransa, lazima niseme, alikifundisha. Walikipata midomoni kwa kuruka na kuhesabu: moja jani, mbili majani, kubwa, dogo, juu ya jiwe, chini ya jiwe, yote kwa Kifaransa. Zuhura alikisema vizuri kuliko mimi, na hilo lilinichoma pia. Lakini nilipomuuliza herufi, hakujua hata moja. Nikamwendea Madamu mwenyewe, uani kwa muuza nyama.

"Madamu, watoto wanaanza lini kuandika?"

"Mikono yao haijakomaa, Mama Zuhura. Bakwanze bakamate udongo, bakamate kamba, bapange mawe. Mukono ikijua kazi, kalamu ni kitu ndogo."

"Na daftari la majina? Komini inaweza kutuuliza."

Hapo alinitazama machoni. "Majina ya batoto mi siandike," alisema. "Nimeona kule kwetu kazi ya karatasi ya majina. Inatoka kwa mwalimu, inafika kwa askari."

Waliokuwa uani waligeuka wote, kwa maana hakuna mtu katika nchi yetu ambaye hakulielewa neno hilo. Mwenyekiti akasema mwanamke yule ana busara. Nami nilikuwa karibu kukubali. Lakini nikaona kwamba alipolisema alikuwa ameshika kifua cha gauni kwa nguvu, pale kilipokuwa kile cheti, na nikajiambia, hapana, hapa pana jambo.

Siku ya jambo lenyewe ilikuwa mwishoni mwa masika. Tangu asubuhi mbingu zilikuwa nzito, na kabla ya saa sita radi ikapiga upande wa bonde. Watoto wakarudi mbio, wamelowa, wanacheka. Nilisimama uani kwa muuza nyama na kina mama wengine, kila mmoja akamnyakua wake. Wangu hakuwamo.

"Zuhura yuko wapi?"

Madamu akageuka, akatazama watoto, akatoa mfukoni kopo la maziwa la zamani, akalimimina kwenye kiganja. Yalikuwa mawe madogo. Akayahesabu akiyasogeza moja moja kwa kidole. "Mawe iko yote," alisema. Akayahesabu tena. "Iko yote."

Ndipo nilipofahamu. Kila asubuhi kila mtoto aliokota jiwe lake, na wakati wa kurudi kila mmoja alilitia koponi. Mawe yakitimia, watoto wametimia. Siku ile mtoto mmoja mtundu alikuwa ametia mawe mawili. Hilo lilijulikana baadaye, kwa kiboko cha baba yake. Wakati ule nilichoona ni kwamba mwanamke huyu amewaweka watoto wetu katika kopo la maziwa.

Madamu alianza kukimbia kabla yangu. Alikanyaga mafunjoni kwa raba zake, tope likachukua moja, hakugeuka. Mvua ilitupiga usoni. Niliita hadi sauti ikakatika. Kijito kilikuwa kimepanda na kubadilika rangi, nami nilikitazama na kuwaza lile ambalo kila mama angeliwaza.

Tulimkuta Zuhura upande wa pili wa mafunjo, mtelemko wa mikaratusi. Alikuwa amekumbatia mti, shavu kwenye gome, mikono haikufika hata nusu ya shina. Hakuwa akilia. Midomo ilikuwa ya buluu kwa baridi.

"Mi nilishika mti," aliniambia nilipombeba. "Madamu alisema ukipotea, shika mti moja, usitembee. Mti haipotei. Yeye atatafuta mpaka ataona ule mti."

Madamu alikuwa amepiga magoti kwenye majani, mguu mmoja una raba na mmoja mtupu, na mikono ameinyoosha. Nilimpita nikiwa nimembeba mwanangu, kama mtu anavyopita kisiki.

Leo naweza kusema kwamba mtoto wangu alipotea kwa sababu ya Madamu na akaokoka kwa sababu ya Madamu, na kwamba angetembea hatua ishirini kushuka angeingia kijitoni. Siku ile niliweza kusema nusu tu.

Komite ilikaa siku tatu baadaye, baada ya sala ya alasiri, sebuleni kwa muuza nyama. Mwenyekiti alitaka kumpa Madamu onyo, basi. Wanaume wengine walikubali. Yule mtoto wa mawe mawili alikuwa amekwisha kusema. Madamu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, raba mpya miguuni, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimekuja na neno langu, nimelipika siku tatu.

"Mwenyekiti, kabla ya onyo, naomba Madamu atusomee cheti chake. Tukumbuke tulimwajiri kwa kazi gani."

Alinitazama kidogo. Akakitoa kifuani, akakikunjua. Alikishika sawasawa, muhuri chini. Akaanza kusoma kwa Kifaransa, taratibu, bila kukwama, kila neno mahali pake. Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini mimi nilikuwa nakiangalia kidole chake kikifuata mistari, na kidole kilifika mwisho wa karatasi wakati mdomo ulikuwa bado katikati.

"Ahsante, Madamu," nikasema. "Na hii?"

Nikampa karatasi nyingine. Ilikuwa barua ya mume wangu kutoka Bukirasazi, ya Kiswahili, mistari minne, akiniagiza vifungo na uzi mweusi. Mtoto wa darasa la pili angeisoma.

Aliipokea. Aliitazama. Nje mtu alikuwa akinoa kisu.

"Macho yangu inauma leo," alisema.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu mwema, akamwambia, "Sogea hapo mulangoni, Madamu. Kwa mwanga utaona."

Akainuka, akasogea mlangoni, akaigeuza barua kwenye mwanga. Mwanamke huyu aliweza kumwona kinyonga kwenye tawi kutoka ng'ambo ya bonde. Kila mtu sebuleni aliwahi kusimuliwa hivyo na mwanawe. Tukaona mabega yake yakipanda na kushuka. Kisha akaikunja barua vizuri, kwenye mikunjo yake ile ile, akaja, akaniwekea mkononi mimi, si mwenyekiti.

"Imeandikwa muzuri, Mama Zuhura," alisema, na akatoka.

Hakuna aliyemfukuza. Kesho yake aliondoka na lori lililokuwa likielekea Muyinga, na mtu aliyemwona anasema alipanda nyuma, juu ya magunia ya chumvi, raba zake amezivua na kuzishika mkononi.

Kuhusu cheti nilisikia hadithi tatu, zote kutoka kwa wachuuzi Wakongomani sokoni. Mmoja alisema kilikuwa cha mdogo wake, aliyesoma kweli, akafa wakati wa kukimbia. Mwingine alisema Madamu alikuwa mpishi katika nyumba ya walimu wazungu, akakipata huko, na Kifaransa chake ni cha jikoni. Wa tatu, mwanamke aliyeuza vitenge, aliniuliza tu, "Na wewe inakusaidia nini kujua?" Nikanunua kitenge ambacho sikukihitaji.

Tulimpata mwalimu kijana, cheti chake cha kweli, mtu wa adabu. Watoto walikaa ndani wakanakili herufi ubaoni, na nyayo za Zuhura zikawa na vumbi tupu kila siku. Alijifunza kusoma kama wengine. Siwezi kusema aliharibika, wala siwezi kusema watoto wa Madamu walikuwa mabingwa. Mwanangu alikuwa wa katikati, na akabaki wa katikati. Lakini alipofika darasa la kwanza, mwalimu wake, mwanaume mkali, alinisimamisha njiani.

"Hawa watoto wa ule Mukongomani," aliniambia, "iko kitu moja mi sijaona kwa wengine. Ukiwauliza kitu hawajui, hawainamishi kichwa. Anakuambia 'sijui', anakuangalia, anangoja mwende kutafuta."

Nilimwambia ni kweli, kisha nikaenda zangu haraka.

Zuhura hakuniuliza kamwe kwa nini Madamu aliondoka. Nilidhani amesahau. Watoto wa miaka mitano husahau, nilijiambia, na miaka iliyofuata ilituletea sote mambo mengine ya kusahau. Wachoma makaa wa bondeni waliondoka mwaka mmoja, wasirudi. Muuza nyama naye aliitwa asubuhi moja kwenda kuandikisha kitu, hakurudi. Nilikumbuka wakati huo kwamba mtaani kwetu hapakuwa na daftari lolote la majina ya watoto wa Madamu, na nikamshukuru moyoni mtu ambaye sikuweza tena kumshukuru.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Mume wangu alifariki, macho yangu yakachoka na sindano. Zuhura alikuwa ameolewa Muyinga, kisha akaachika, akawa anapika chakula cha madereva wa malori kule Kobero, mpakani. Alinitumia habari nije nikae naye nimlelee mtoto wake, Aisha, aliyekuwa na miaka minne. Nikaja Muyinga. Siku ya tatu, akisuka nywele za mtoto, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Mama, Jumatatu Aisha anaanza shule. Utamupeleka wewe."

"Shule gani?"

"Kwa Madamu. Iko hapa nyuma ya soko, njia ya kushuka."

"Umejua tangu lini kwamba yuko hapa?"

"Tangu nimeolewa." Akaendelea kusuka. "Mi nilikuwa najua pia ni nani alimupa ile barua, Mama. Watoto wa muuza nyama walikuwa wanasikiliza dirishani. Utamupeleka wewe mwenyewe. Mi saa ile niko Kobero."

Sikulala vizuri kuanzia hapo. Nilipanga maneno. Nilikuwa nimesikia kwa majirani kwamba shule yake ni nzuri, kwamba kuna msichana mwenye diploma anayeshika daftari na kuwafundisha watoto wakubwa herufi, na kwamba bibi mwenyewe kazi yake ni moja tu: kuwatoa nje. Na nilikuwa nimesikia jambo lingine lililonipa moyo. Kwa hiyo Jumatatu nilimshika Aisha mkono, nikavaa kitenge changu kizuri, nikashuka.

Palikuwa na ua wa minyaa na lango la miti. Yeye alikuwa ameketi langoni, amekuwa mdogo, mgongo umepinda, kichwa cheupe kabisa. Alimtazama mtoto kwanza, kuanzia miguuni. Kisha akanitazama mimi, na hakuhitaji muda mrefu.

"Weye," alisema. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, Madamu. Nimemleta mjukuu wangu. Ni mtoto wa Zuhura."

"Komite iko wapi?"

"Hakuna komite."

"Umeleta karatasi ingine?"

"Hapana, Madamu." Maneno yote niliyoyapanga yalinikimbia, likabaki moja tu, lile nililodhani litanisaidia. "Nimesikia kwamba hapa unawaambia wazazi wenyewe. Kwamba siku ya kwanza unawaambia hujui kusoma, na wanakuachia watoto wao vilevile. Nikafurahi. Nikasema, pengine Mungu aliligeuza lile jambo likawa—"

"Usiseme ivo."

Hakupaza sauti. Watoto walikuwa wanakusanyika nyuma yake, wanavua viatu, wanasukumana.

"Ile siku," alisema, "nilikuwa na mwaka moja na nusu kwa mtaa yenu. Kila siku nilikuwa nasema, kesho nitaambia mutu. Nilikuwa nafikiria weye. Weye ulikuwa unajua kusoma, ulikuwa mama, nikasema uyu siku moja atakuja kwa mulango yangu, ataniuliza, sisi wawili tu. Ningekuambia. Ningekuomba unifundishe." Akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ulijua njia ya kunifuata mpaka bondeni. Mulango yangu ulikosa njia?"

Nilitaka kusema nisamehe. Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu Gitega, lakini nikaona kwamba nikilitoa pale nitakuwa namwomba tena kitu, mbele ya watu, wakati yeye ana kazi. Nikabaki nalo.

Aisha alikuwa ameniachia mkono. Mtoto mmoja mkubwa kidogo alikuwa amempa ncha ya kamba ambayo watoto huishika wakitembea, na wote walikuwa wakingoja.

Madamu akajishika kwenye nguzo ya lango, akainuka kwa taabu. Nilisogea kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Akamwinamia mjukuu wangu, akamuuliza jina, akalirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayeliweka mahali. Kisha akanielekea.

"Mutoto abakie," alisema. "Weye rudi nyumbani. Saa sita ukuje umuchukue."

Wakashuka wote na njia. Nami nikarudi.

Saa sita nilikuwa langoni. Na kesho yake, na kesho kutwa, mwaka mzima na miezi. Hakunikaribisha ndani hata siku moja, na Aisha hakukosa hata siku moja.